Zwift, Rouvy na MyWhoosh: baiskeli ya sebuleni wakati wa masika

Masika yaliponizuia kwenda Bububu kwa baiskeli, niliifunga kwenye mashine ya mazoezi sebuleni, Michenzani, Unguja, nikazijaribu programu tatu zinazoonyesha safari ya baiskeli kwenye skrini. Zwift, yenye kisiwa cha kubuni cha Watopia na mlima wa Alpe du Zwift ulioiga kona 21 za barabara ya mlimani ya Alpe d'Huez, Ufaransa, ndiyo iliyonitoa jasho hata kanga kuukuu niliyoitandaza chini ikaroa, kwani mwinuko unapoanza mashine hukaza pedali yenyewe, jambo ambalo barabara zetu tambarare za mjini hazikunizoesha. Rouvy huonyesha video za barabara halisi. Inapendeza, lakini hula bando. MyWhoosh, ya Abu Dhabi, ni ya bure, nami nimebaki nayo, ingawa umeme ukikatika safari huishia njiani.