Mfano wa meli ya W-13 niliochongewa Ngamiani

Ukitaka ngalawa ya mapambo, Tanga huhangaiki. Mimi nilitaka W-13, meli ya Japani ya kutegua mabomu ya baharini, kwa sababu nafundisha historia na wanafunzi wangu wamechoka na michoro yangu ya ubaoni. Nikampelekea fundi mmoja wa Ngamiani picha na vipimo, sentimita moja kwa kila mita. Umetoka mfano wa zaidi ya sentimita 70.

Umbo amelipatia. Mbao ni mninga, imepigwa msasa hata kidole hakikwami, na mizinga miwili ya milimita 120 imekaa mahali pake.

Shida ilikuwa tezini. Sitaha ilikuwa tupu, safi kama sinia. Sasa meli hii bila winchi na waya ni ya nini? Kazi yake yote iko huko nyuma: inakokota waya wenye makali, waya unakata mnyororo ulioshikilia bomu chini, bomu linaibuka, kisha linapigwa risasi kwa mbali. Nikairudisha. Fundi hakununa wala hakuongeza bei. Alitumia waya wa breki ya baiskeli na bobini kuukuu za cherehani, na kusema kweli imependeza kuliko nilivyotarajia.

W-13 yenyewe haikuuawa na bomu. Tarehe 12 Januari 1942, kisiwani Tarakan kwenye visima vya mafuta vya Borneo, Waholanzi waliokuwa wakitawala huko walikuwa wameshasalimu amri kwa Wajapani, lakini wapiga mizinga wao wa Karungan, kisiwani humo, hawakupata habari. W-13 na mwenzake W-14 zilipokaribia kusafisha njia, zote mbili zikapigwa, zikazama. Wajapani wakalipiza kwa kuwatosa baharini mateka zaidi ya 200 wa kikosi kile. Nikifika hapo sihitaji kugonga meza darasani.

Kisha nawarudisha nyumbani. Novemba 1914 Waingereza walipofika Tanga, walipoteza muda wakisaka mabomu bandarini, na hayakuwepo. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani waliokuwa wakitawala Tanga, akapata nafasi ya kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Winchi ile ya bobini ndiyo inayowafanya waelewe.

Nampa nyota nne. Bei ni shilingi 90,000, nusu unatanguliza. Rangi ya kijivu inabanduka karibu na mlingoti. Mwambie apake mara mbili. Boksi hana, kwa hiyo njoo na kanga kuukuu ya kufungia, hasa kama utarudi kwa bodaboda.