Sifa ya malloc katika GCC: kila kinachofunguliwa na mfungaji wake

Tangu toleo la 11 la GCC, kompaila ya lugha ya C, lilipotoka mwaka 2021, sifa (attribute) ya malloc, alama inayoongezwa kwenye tamko la funksheni, ambayo awali iliiambia kompaila tu kwamba kielekezi (pointer, yaani anwani ya kumbukumbu) kinachorudishwa hakielekezi mahali pamoja na kingine, inaweza pia kupewa jina la funksheni inayopaswa kuachilia kilichotengwa. Nimeitumia kwa miezi kadhaa katika maktaba yangu ndogo ya kusoma madaftari ya mauzo, nami nimeridhika nayo, ingawa haifiki kila kona.

Tamko lenyewe huandikwa hivi kwenye faili la .h, lile la matamko:

__attribute__((malloc(funga_daftari, 1)))
struct daftari *fungua_daftari(const char *njia);

Tarakimu 1 huonyesha kigezo cha funga_daftari kinachopokea kielekezi. Sharti funga_daftari iwe imetangazwa kwanza, jambo lililonilazimu kulipangua faili zima, kwa kuwa nimezoea kuandika kufungua juu na kufunga chini. Nilipokompaili upya, mahali nilipokuwa nimeita free, funksheni ya kawaida ya C ya kuachilia kumbukumbu, kwa mazoea badala ya funga_daftari palitolewa onyo papo hapo bila swichi ya ziada, kwa sababu -Wmismatched-dealloc, swichi ya onyo hili, huwa imewashwa tayari. Onyo hilo lilitaja mstari wa free na pia mstari ambako kielekezi kilizaliwa. Free ile ilikuwa ikiachilia muundo wa nje tu na kuliacha wazi faili lililoshikwa ndani yake, kosa ambalo haliiangushi programu, na ndiyo maana lilikaa muda mrefu bila kuonekana. Ukiongeza -fanalyzer, swichi ya kichanganuzi cha GCC, utaonyeshwa kwa hatua zenye namba hata ile return ya mapema inayokisahau kielekezi, ila subira itahitajika.

Glibc, maktaba ya C ya mradi wa GNU, nayo, kuanzia toleo la 2.34, imetia sifa hii kwenye fopen, inayofungua faili, na wenzake, kwa hiyo faida nyingine unaipata bila kuandika chochote.

Kasoro zipo. Sifa hii huhusu vielekezi vinavyorudishwa tu, hivyo open, inayorudisha namba, na asprintf, inayopitisha matokeo kwenye kigezo, hazinufaiki. Funksheni ya kuachilia iliyotangazwa kuwa inline (ya kupachikwa pale inapoitwa) hupuuzwa. Clang, kompaila nyingine ya C, ina sifa zake, ownership_returns na ownership_takes, kwa ajili ya kichanganuzi chake, kwa hiyo mimi nimeificha hii ndani ya makro inayobaki tupu pale __GNUC__, namba ya toleo la GCC, inapokuwa chini ya 11, hali ambayo huikuta Clang pia, kwani yenyewe hujitangaza kuwa 4.