La Jetée (1962): uzoefu wangu na dakika 28 za picha mnato

Usipoambiwa mapema, dakika chache za kwanza utadhani kifaa chako kimekwama. Filamu hii ya Mfaransa Chris Marker karibu yote ni picha mnato za nyeusi na nyeupe, zikifuatana moja baada ya nyingine. Waigizaji hawazungumzi. Kisa kinabebwa na msimulizi mmoja, muziki na sauti chache za pembeni.

Vita vya Tatu vya Dunia vimeiteketeza Paris, na walionusurika wanaishi mahandakini. Washindi wanawafanyia wafungwa majaribio, wakitafuta mtu wa kutumwa katika nyakati nyingine akaombe msaada. Anayechaguliwa ni mwanamume asiyeweza kusahau uso wa mwanamke aliyemwona utotoni kwenye uwanja wa ndege wa Orly. Mwisho siutaji. Usitafute mashine ya ajabu humu: ni sindano tu na vifuniko viwili vya macho vyenye nyaya, na bado unaamini kwamba mtu yule amesafiri.

Unaamini kwa sababu ya uhariri. Magofu ya Paris yanapita taratibu chini ya kwaya ya kanisa la Kirusi, hakuna haraka. Kule handakini kuna mapigo ya moyo na minong'ono ya Kijerumani. Halafu, baada ya theluthi mbili hivi za filamu, mwanamke amelala kitandani. Picha moja inayeyukia nyingine, kichwa kimegeuka kidogo, mkono umesogea, na pengo kati ya picha na picha linazidi kupungua huku ndege wakilia kwa nguvu zaidi na zaidi. Jicho lako linaanza kuujaza mwendo lenyewe. Na ghafla anafumbua macho na kupepesa, kweli kabisa, kwa sekunde chache. Ndiyo picha pekee inayotembea katika filamu nzima. Kabla hujakaa sawa, inakatwa na uso wa mkuu wa majaribio unakutazama.

Ndiyo maana namshangaa anayeitazama kwa kasi ya mara moja na nusu. Marker amepima kila picha ikae muda gani, na ukiharakisha, sehemu ile ya kitandani inageuka vurugu tupu. Kuisimamisha katikati ni kosa lilelile.

Upande wa vifaa, tumia vipokea sauti vya masikioni. Minong'ono ile iko chini mno kwa spika ya simu, na bila hiyo handaki linakuwa picha tu. Kama televisheni yako ina kipengele cha kusafisha chenga, kizime, maana kinakula punje za filamu, yaani vidoa vidogo vya asili vya mkanda, na nyuso zinabaki laini kama plastiki. Usikuze picha ili ijaze skrini: umbo lake la asili ni jembamba kidogo kuliko skrini pana za leo, hivyo utakata juu na chini. Nakala zilizobanwa sana ili faili liwe dogo nazo hazifai. Picha zinapozama gizani, weusi unavunjika mabaka.

Ilipata tuzo ya filamu ya Kifaransa ya Jean Vigo mwaka 1963, na mwaka 1995 mwongozaji Terry Gilliam akaichukua kama msingi wa filamu yake 12 Monkeys. Katika kura ya wahakiki ya 2012 ya filamu bora za wakati wote, ya jarida la filamu la Uingereza la Sight and Sound, ilishika nafasi ya 50, jambo la nadra kwa filamu fupi. Watazamaji wa kawaida bado wamegawanyika, wengine wakisema ni slaidi zenye maelezo. Siwalaumu, ukiikosa ile picha ya macho, hoja yao ina nguvu. Mimi malalamiko yangu yako kwingine. Watu wa wakati ujao ambao msafiri anakutana nao, vichwa tu kwenye giza na alama katika paji la uso, wamechakaa vibaya, na mwanamke hapewi neno lolote la kwake.

Kuna toleo la Kifaransa na la Kiingereza. Sauti ya Kifaransa ya Jean Négroni ni tulivu na kavu, inaufaa ubaridi wa kisa. Ila kama hujui Kifaransa, anza na la Kiingereza, kwa sababu manukuu, yaani tafsiri iliyoandikwa chini ya skrini, yanakuvutia macho chini wakati kila kitu kiko kwenye uso uliosimama mbele yako. La Kifaransa lifuate baadaye, ukishajua kisa.