Nilipeleka pawa saplai, nikarudishiwa window

Mke wangu kanishauri nilale kwanza ndipo niandike. Nimeshalala usiku mwingi tangu siku ile, na kila nikiwasha kompyuta asubuhi jambo lenyewe linanipanda upya. Kwa hiyo naandika maoni yangu juu ya fundi mmoja wa kompyuta, na nyota za kumpa, na atakayeona nimezidisha anisamehe.

Nina steshenari hapa Mtwara mjini, njia ya kwenda Ligula. Tunachapa, tunatoa fotokopi, tunapiga picha za pasipoti, tunaandika barua za kuomba kazi. Wateja wangu ni wanachuo, makarani wa vyama vya msingi, na watu wa misiba wanaotaka ratiba ya mazishi ndani ya nusu saa huku gari linapiga honi nje. Kompyuta kubwa ya dukani ni ya mtumba, niliinunua Kariakoo, na watoto wangu wamesoma kwa kompyuta hiyo.

Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, sikumbuki tarehe. Umeme ulikatika, ukarudi kwa kishindo, ukakatika tena. Gesi inachimbwa Mnazi Bay, hapa hapa kwetu, lakini hayo tuyaache. Kompyuta ikagoma kuwaka, na harufu nyuma ya boksi ikanipa jibu kabla sijafungua: pawa saplai, kile kifaa cha kuilisha kompyuta umeme, imeungua. Nikaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi mmoja upande wa sokoni. Duka lake silitaji, sitaki kesi.

Nilimwambia hivi, neno kwa neno: "Fundi, badilisha pawa saplai tu. Diski usiguse, ina kazi za watu."

Akaitikia kwa kichwa, macho yako kwenye simu. Shikamoo sikuipata. Mimi nina miaka hamsini na kitu, yeye ni wa umri wa mwanangu wa pili. Nikajisemea, sijaja kutafuta salamu, nimekuja kutafuta ufundi.

Aliniambia kesho. Kesho ikawa keshokutwa, keshokutwa ikawa "mzee, spea inatoka Dar". Nilipoitwa hatimaye, kompyuta ilikuwa mezani inawaka, inang'aa, hata vumbi kaipuliza. Nikafurahi. Ile furaha haikudumu hata muda wa kuvuta kiti, maana kwenye kioo nikaona picha nisiyoijua na kile kidirisha cha bluu.

"Hii nini?"

"Nimekupigia window mpya, mzee wangu. Ile yako ilikuwa imeharibika, ilikuwa inaleta maandishi maandishi."

Haikuwa imeharibika. Ilikuwa Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, wa bure, badala ya Windows.

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mpwa wangu anasoma Dodoma, na alipokuja likizo alinikuta nagombana na mashine hii hii. Microsoft walikuwa wameshatangaza kwamba Windows 10 mwisho wake wa kupewa marekebisho ya usalama ni tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu kwa uzee wake haina sifa za kuingizwa Windows 11 kwa njia rasmi. Mpwa akaniambia, "Mjomba, ya nini kununua nyingine? Ngoja nikuwekee Linux Mint." Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikakubali, kwa sababu kwetu Wamakonde mpwa akitaka kitu kwa mjomba wake hashindwi, anazunguka tu mpaka apate.

Sitaeleza inavyofanya kazi, wanaotaka watasoma wenyewe. Nitasema moja tu lililonifanya niipende: flashi. Mwenye steshenari yeyote anajua ule ugonjwa. Mwanafunzi anakuja anatetemeka, utafiti wake wa mwaka mzima umo kwenye flashi, ukiichomeka unaona njia za mkato tupu, mafolda yote yamefichwa na kirusi. Kwenye Mint kirusi kile hakina la kufanya, kimetengenezewa Windows, na mafolda yaliyofichwa mara nyingi unayaona yamejipanga pale kama hayakuwahi kwenda popote. Mara ya kwanza nilimwokolea binti mmoja utafiti wake akalia dukani kwangu. Habari zikaenea chuoni. Nikaanza kuitwa mganga wa flashi, na sikuchukia.

Basi turudi kwa fundi. Nikamuuliza, kazi zangu ziko wapi? Akasema, "Nilifomati, mzee. Ile disk ilikuwa haisomeki." Haisomeki na nani? Na Windows, ndiyo, kwa sababu Windows haiujui mpangilio wa diski ya Linux. Sasa wewe ukishindwa kusoma Kiarabu, utauchoma msahafu?

Humo ndani mlikuwa na orodha ya wakulima wa chama kimoja cha msingi, majina na kilo, niliyoichapa wiki nzima kutoka kwenye daftari la karani mwenye mwandiko wa kuku. Msifikiri ni karatasi za mchezo. Tangu msimu wa 2024 mnada wa korosho unaendeshwa kwenye mfumo wa kompyuta wa TMX, Soko la Bidhaa Tanzania, zile bahasha za zabuni za zamani zimekwisha, na mkulima wa Newala ambaye hajawahi kushika kibodi malipo yake yanapita kwenye kompyuta za watu wasiomjua. Jina likikosewa herufi moja ni safari ya kwenda na kurudi, na nauli ni yake. Orodha hiyo fundi wangu kaifuta ili aweke kitu ambacho sikumwomba.

Kisha akanitajia bei. Pawa saplai kiasi fulani, sawa. Halafu: "na ya kupiga window, elfu ishirini."

Nilipandisha sauti, nakiri. Pale dukani palikuwa na vijana watano wanasubiri simu zao, na wote wakageuka mahakimu. Mmoja akasema Linux ni ya mahaka, wale wadukuzi wa mitandao, mzee utakuja kukamatwa. Mwingine akasema Windows ndiyo kompyuta yenyewe, hayo mengine ni majaribio. Akatokea mmoja mwenye begi la laputopu, mtu wa ofisi kwa kumwangalia, akasema sisi sote tunagombania magofu, yeye anatumia Mac. Hakuna aliyemjibu. Dereva wa bodaboda akamaliza: "Hayo ya bure ya Wazungu, mzee, bure ghali."

Mpwa wangu angewajibu. Angewaambia kwamba Mint imejengwa juu ya Ubuntu, aina nyingine ya Linux, na Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini (bodaboda angesema naye si Mzungu tu, na angekuwa sahihi). Angewaambia mwaka huo huo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitafsiri OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Mimi nilikuwa nimekasirika, ulimi ulifunga. Jibu zuri kuliko yote lilinijia ndani ya bajaji, tumeshafika Bima: simu aliyokuwa ameing'ang'ania fundi ile siku ananipokea ni Android, na kiini cha Android ni Linux ile ile aliyoianza Linus Torvalds mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Jamaa anaishika Linux mkononi tangu anaamka mpaka analala, kisha anacheka yangu! Nilitaka kumwambia dereva wa bajaji ageuze. Alinitazama kwenye kioo akaongeza mwendo.

Elfu ishirini nililipa. Ndiyo. Nilikuwa na foleni ya watu dukani.

Sasa hiyo window yenyewe. Mnaijua kangomba? Kwa wasio wa huku: miezi ya njaa, kabla korosho hazijakomaa, anakuja mtu na bakuli lake na vijisenti, anamkuta mkulima mwenye mtoto mgonjwa, ananunua korosho zikingali mtini. Inakatazwa kila mwaka. Mwaka 2018 wanajeshi walikuja kusomba korosho kwa bei ya serikali ya shilingi 3,300 kwa kilo, na wanunuzi wa kangomba wakasakwa vijiji vyote. Haijaisha. Basi alichoniwekea fundi ni window ya kangomba. Siyo ya kununua, ni ya kuvunja kufuli. Na ili ile kraki ikae, kazima ulinzi wote wa virusi na kuuambia usiamke. Hilo hakunieleza. Nilijua mwenyewe baada ya siku chache, flashi ya mteja wa kwanza ilipougua, ikaambukiza ya pili, na jioni flashi zote zilizopita mezani kwangu zina njia za mkato tupu. Mganga wa flashi! Mwanachuo mmoja alinirudia akasema kwa adabu kabisa, "Mzee, nadhani kwako ndiko nilikopata." Afadhali angenitukana.

Nilitaka kumpa nyota moja. Nafuta. Hapati.

Lakini ngoja niwe mkweli, maana mpwa wangu atasoma hii na ananijua. Zile wiki za window ya wizi, picha za pasipoti zilienda haraka kuliko kawaida. Photoshop haikai kwenye Linux, nilikuwa natumia GIMP, programu ya bure ya picha, na kubadilisha usuli kuwa wa bluu ilinichukua muda wa mteja kwenda kununua muhogo wa kuchoma na kurudi. Skana yangu nayo, ambayo kwenye Mint ilikuwa kama jiwe, ikaamka. Na kuna lile la nyaraka kuhama: utafiti uliochapwa Word ukiufungulia LibreOffice, mbadala wake wa bure, unaweza kukuta jedwali limesogea, kurasa zimeongezeka, na yaliyomo hayalingani na namba. Nimewahi kugombezwa na mhadhiri kupitia simu ya mwanafunzi wake kwa ajili ya jedwali moja. Kwa hiyo fundi aliposema "mzee, window ndiyo ya kazi", sitasema alikuwa mjinga. Kwa duka kama langu alikuwa na hoja. Angenieleza hiyo hoja nikiwa nimesimama mbele yake, pengine ningemwambia piga, lakini hamisha kwanza mafaili.

Hakuniuliza. Hapo ndipo nakwama kila nikitaka kumsamehe. Aliona mzee na boksi la zamani, akaamua mzee hajui alichonacho.

Kwa upande mwingine pawa saplai ni nzima. Umeme umeshakatika mara ngapi sijui, na ile kitu inarudi kuwaka. Alifunga waya vizuri, kwa mkono wa mtu anayeipenda kazi. Nimewaona mafundi wa kuunganisha kwa selotepu. Nyota mbili basi. Mbili kwa mkono, na kwa mdomo nisiseme.

Mpwa alinirudishia Mint kwa kunielekeza kwenye simu, usiku kucha, bando likaisha mara mbili. Safari hii tumeacha na kipande cha Windows pembeni kwa ajili ya pasipoti na skana, haiguswi na flashi ya mtu. Orodha ya wakulima nimeichapa upya, na karani kanisaidia kusoma ule mwandiko wake, ambao naye mwenyewe pengine hausomi.

Halafu juzi juzi feni ikaanza kulia kama cherehani. Nilimtafuta fundi mwingine, nikaambiwa kaenda Masasi hana siku ya kurudi. Nikarudi kwa yule yule. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini safari hii nilibandika karatasi juu ya boksi, nimeilaminisha kabisa, herufi kubwa: FENI TU. USIPIGE WINDOW. Nikaiacha kwa kijana wa mapokezi, bosi wake hakuwepo.

Nimeichukua jana. Feni inazunguka kimya, diski haijaguswa, bei ya haki. Karatasi yangu bado ipo pale pale, na chini yake kwa makapeni kaandika: "Sawa mzee. Shikamoo."

Nimeisoma mara nyingi na sijaelewa kama ni heshima au ananicheka. Nyota sijazijaza.