TAHADHARI: Mgahawa mpya huku Nzuguni, msitume hela kwenye namba ya mhudumu

Wana Dodoma, hasa mnaokaa Nzuguni na Ilazo, someni hili kabla hamjaipeleka familia kunywa chai Jumapili.

Jina la mgahawa silitaji kwa sababu shauri liko polisi na sitaki wanigeuzie kibao. Ila mkifika mtaujua. Ni mpya, una viti vyeupe nje na bango kubwa getini: familia ya watu sita, supu, chapati, chai na matunda, 50,000. Tangu serikali ihamie huku migahawa inaota kila kona, na sisi tunafurahi, maana zamani supu ya maana ilikuwa lazima uifuate mjini.

Tulitoka ibada ya kwanza, tukafika kama saa nne na nusu. Tulikuwa sita kamili: mimi, baba watoto, wifi yangu, watoto wawili, na mama mkwe aliyekuja kutusalimia kutoka Mpunguzi. Mama ana shamba la zabibu kule miaka mingi. Aliingia na "mbukwenyi" yake, ile salamu ya heshima ya Kigogo, akaitikiwa na kijana mmoja tu aliyekuwa anafuta meza. Huyo kijana simlaumu kwa lolote.

Hata hatujaagiza, zikaja glasi sita. "Karibuni sana, hii ni juisi ya zabibu za Dodoma." Kwa lile "karibuni" tukajua ni ya ukaribisho. Mama akaonja, akairudisha mezani taratibu. "Mwanangu, zabibu hizi zimechumwa dukani." Watoto wakazimaliza zote sita.

Tukaagiza ile ofa. Mhudumu akaitikia sawa, kisha akainama kwa baba watoto: "Na mbuzi kidogo kwa ajili ya bibi?" Sasa mtoto wa kiume, mbele ya mama yake mzazi, atajibu nini? Ikaagizwa kilo moja. Mzani hatukuuona. Ilikuja sahani ya vipande tisa, mama alivihesabu, na mifupa ikiwemo. Najua nyama hupimwa mbichi na ikichomwa inapungua, lakini si kwa kiasi kile.

Supu ilikuwa nzuri, niseme haki. Chapati pia.

Bili ililetwa kwenye karatasi ya daftari. Supu nne 32,000, chapati nane 12,000, chupa mbili za chai 10,000, chipsi mayai za watoto 14,000, mbuzi 22,000, na juisi sita, zile za "karibuni", 30,000. Jumla 120,000. Chini yake VAT, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, yaani 21,600. Tulipe 141,600. Tukauliza ofa imekwenda wapi. Tukaambiwa ofa ni ya waliolipia jana yake, na kweli imeandikwa chini kabisa ya bango, herufi ndogo kama sisimizi. Matunda hata hatukuyaona.

Kwenye VAT walimpata mtu asiye sahihi, maana hesabu ndiyo kazi yangu. Nikaomba risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, nione VRN yao, yaani namba ya usajili wa VAT. Aliyesajiliwa VAT, namba hiyo hutokea kwenye risiti pamoja na TIN, namba yake ya mlipa kodi, na asiyesajiliwa haruhusiwi kumtoza mteja hata senti ya VAT. Nikajibiwa mashine ni mbovu. Nikasema basi tungoje itengenezwe. Mhudumu akachukua kalamu, akaifuta ile 21,600 palepale. Tangu lini kodi ya serikali ikafutwa na mhudumu kwa kalamu?

Nikajiona mjanja. Kumbe mtego wenyewe ulikuwa bado.

Kaunta hakuna kibandiko cha lipa namba. "Leo inasumbua, tumeni kwenye hii," mhudumu akatutajia namba ya simu. Baba watoto alipoingiza kiasi, jina lililotokea kabla ya kuweka namba ya siri lilikuwa la mtu, si la biashara. "Ndiye bosi," akaambiwa. Akatuma 120,000. Ujumbe wa kuthibitisha ukaingia kwenye simu yetu. Yule wa kaunta akatazama simu yake: "Haijaingia." Tukamwonyesha ujumbe. "Mtandao huo. Acheni dhamana ya taslimu, ikiingia tunawarushia."

Watu wanatuangalia, mama ameshasimama na mkoba wake, mtoto mdogo analia tumbo kwa juisi ya dukani. Baba watoto akatoa 70,000 zilizokuwa mfukoni. Nilimkanyaga mguu chini ya kaunta, nadhani alielewa, ila aibu ilimzidi. Chai yetu ikawa imefika 190,000.

Hadi jioni hakuna kilichorudi. Tukapiga huduma kwa wateja ya mtandao wetu tukiomba muamala urudishwe, wakasema hela imeshatolewa kwa wakala. Na hili ndilo kosa letu kubwa: tulipaswa kupiga tukiwa bado tumekaa pale, maana wanaweza kuizuia ikiwa bado iko kwenye akaunti ya aliyepokea. Kesho yake baba watoto akarudi. Meneja akasema namba ile si ya mgahawa, mhudumu alikuwa wa majaribio na ameshaondoka, na habari ya dhamana hana. Ningeweza kumwamini, ila meneja huyo ndiye aliyekuwa kaunta akisema "haijaingia". Mashine ya EFD, tulipouliza, ilikuwa bado mbovu.

Tumefungua jalada polisi, na RB, namba ya taarifa yetu, tunayo. Jirani zetu wawili nao wametuambia waliambiwa vilevile haijaingia. Mmoja aligoma kutoa dhamana, akavuta kiti akakaa mlangoni na ujumbe wake wa muamala mkononi, na baada ya nusu saa hela "ikaingia". Nawaombeni mfanye kama yeye. Jina la mtu likitokea badala ya jina la biashara, usiweke namba ya siri, lipa taslimu na udai risiti. Na kitu usichoagiza kikiletwa mezani, uliza bei kabla mtoto hajashika glasi.

Kama yamekukuta palepale, tunza karatasi yao ya daftari na ujumbe wa muamala, uje tuunganishe malalamiko kwenye jalada moja. Karatasi yangu ina doa la supu, lakini tarakimu zote zinasomeka, na ile 21,600 iliyofutwa bado inaonekana.