Bafu la mama: maji yanakimbilia mlangoni

Nimejizuia kuandika haya tangu masika, nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Nyumba ni ya mama, iko Tabata. Yeye na marehemu baba waliijenga chumba kimoja kimoja. Sasa magoti yanamsumbua, ndiyo maana mimi na wadogo zangu tukachanga tukarabati mara moja, iwe nyumba ya kumfaa hata akifika miaka 85, Mungu akipenda. Mlango wa bafu upanuliwe ufike sentimita 90, siku kiti cha magurudumu kikihitajika kipite. Kizingiti kiondolewe. Choo cha kuchuchumaa kiwe cha kukaa, ukutani kuwe na vyuma vya kushikilia, marumaru ziwe za kukwaruza, zisiteleze. Niliandika kwenye daftari nikawasomea kampuni ya ukarabati mstari kwa mstari. Wakaitikia kila kitu.

Sasa, ukishaondoa kizingiti, kinachozuia maji yasitoke bafuni ni mteremko tu. Kila mita moja, sakafu ishuke kama sentimita moja na nusu au mbili kuelekea kwenye tundu la kutolea maji.

Siku ya kukabidhiwa bafu lilipendeza, sitasema uongo. Mistari ya marumaru ilinyooka. Nikamwaga ndoo moja ya maji. Yakatulia kidogo pale katikati, kisha yakaanza safari, taratibu, kuelekea mlangoni. Yakapita mlango, yakaingia koridoni hadi kwenye mkeka wa mama. Tundu kavu! Mwanangu akaweka gololi pembeni ya tundu. Nayo ikabiringika hiyo, mpaka koridoni.

Msimamizi wao, kijana mdogo tu, akaniambia, "Dada, maji ya bafuni hukauka yenyewe. Nunueni dekio, na mama mumtafutie ndala nzuri." Nikamwomba alete pima maji, kile kifaa cha kupimia usawa, tuhakikishe. Hakuwa nayo. Akaniuliza, "Kwani dada wewe ni injinia?"

Mama alikuwa amesimama palepale, kashika ukuta. Akasema kwa upole, "Mwanangu, anayekanyaga hapo alfajiri akienda kutawadha ni mimi." Yule kijana akaangalia simu yake. Tangu aingie humo ndani hata shikamoo hakuwa amempa. Mteremko unaweza kukosewa, kila fundi hukosea. Lakini kumnyamazia mama yangu ndani ya nyumba yake?

Jikoni, lazima niseme haki, walitufanyia kazi ya ajabu. Seremala wao alimkalisha mama kwenye kiti, akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko chake, ndipo akakata meza. Chini akaacha wazi ili miguu iingie, mama akate mboga akiwa amekaa. Badala ya kabati la kina kirefu akaweka droo, asilazimike kuinama kutafuta sufuria. Hayo hatukumwagiza. Alimtazama mama akitembea, akaelewa.

Bafu tumelivunja. Fundi mzee wa mtaani kwetu alikuja na mpira wake wa maji wa kupimia usawa, akatuonyesha kwamba tundu lenyewe liliwekwa juu kuliko upande wa mlango. Marumaru zote zikang'olewa, mpya kabisa, na mama akahamia kwa mdogo wangu mpaka kazi ikaisha. Kabla ya kubandika nyingine, fundi yule alimwaga maji kwenye saruji tupu mara tatu. Jamani, msikubali marumaru zibandikwe kabla hamjaona maji yakiingia kwenye tundu kwa macho yenu, na salio msilitoe.

Nilianza kuandika nikiwa nawapa nyota mbili, kwa ajili ya jiko. Nikikumbuka mama kashika ukuta, hata moja naiona nyingi. Ila seremala yule siku akijitegemea anipigie. Kabati la chumbani kwa mama linamsubiri.