Basi hewa na ubao usiosema kweli: tathmini ya huduma niliyoitumia mwaka mzima

Kwa mwaka mmoja na ushei nimekuwa nikipanda basi la njia ileile, asubuhi kwenda kazini na jioni kurudi nyumbani, siku tano kwa juma. Kampuni inayoendesha njia hiyo siitaji jina, kwa kuwa ninayoyaeleza hapa hayako mbali na yale ninayosimuliwa na wasafiri wa miji mingine; atakayejitambua ajitambue. Ninaandika kwa ajili ya mtu anayefikiria kuacha gari lake nyumbani, au anayetaka kuhamia mtaa wenye huduma ya namna hii, ili ajue mapema anajiingiza katika nini.

Yanayostahili sifa ni machache, lakini yapo. Mabasi ni safi, kadi ya nauli inasomeka mara moja, na madereva wengi ni waungwana. Nimemwona mmoja akiteremka mwenyewe kumsaidia abiria mwenye kiti cha magurudumu kupanda, baada ya ubao wa kupandia kukwama, na watu waliokuwa wamesongamana mlangoni wakasubiri bila kunung'unika. Ratiba iliyobandikwa kituoni inaahidi basi kila baada ya dakika 10 nyakati za asubuhi. Laiti ahadi hiyo ingetimizwa, hata kwa kusuasua, nisingekuwa na mengi ya kuandika.

Kosa la huduma hii si mwendo wa polepole. Kama safari ingechukua dakika 50 kila siku bila kupungua wala kuzidi, ningepanga maisha yangu kwa dakika 50 na nisingemlaumu mtu. Lakini safari hiyohiyo huchukua dakika 35 leo na 70 kesho, na kwa kuwa usiku wa kuamkia leo siwezi kujua nitaangukia wapi, hulazimika kutoka nyumbani kila siku kana kwamba ni siku ya dakika 70. Hivyo hata asubuhi ambayo basi limefika kwa wakati na kwenda vizuri, bado nimeibiwa nusu saa: nafika mapema mno, nakaa kwenye ngazi nje ya mlango uliofungwa, namsubiri mwenye funguo. Hasara hiyo haionekani katika hesabu za kampuni, maana kwao siku hiyo basi halikuchelewa.

Mabasi ya njia hii huja kwa mafungu. Unasimama kituoni robo saa nzima bila kuona chochote, kisha yanatokea mawili yameongozana, la mbele limejaa hadi kwenye ngazi ya mlango, la nyuma lina viti vitupu. Zamani nilidhani ni uzembe wa madereva. Sivyo, au angalau si hivyo tu. Basi likichelewa kidogo, abiria wa kituo kinachofuata wanakuwa wameongezeka; wakiongezeka, kuwapakia kunachukua muda mrefu zaidi; muda ukiongezeka, basi linazidi kuchelewa. Basi lililo nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa abiria, halina wa kumpakia, linakwenda mbio hadi linamkuta mwenzake. Watafiti Newell na Potts walilieleza jambo hili kihesabu mwaka 1964, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema leo kwamba limemshtukiza.

Hesabu yake ni rahisi na ningependa wakubwa wa kampuni waifanye siku moja wakiwa wamesimama kituoni. Mabasi yakipishana kwa dakika 10 sawasawa, anayefika kituoni wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 5. Yakianza kuja kwa mafungu, basi moja likifika baada ya dakika 18 na linalofuata baada ya dakika 2, idadi ya mabasi kwa saa haijabadilika hata moja, lakini wastani wa kusubiri umepanda hadi zaidi ya dakika 8. Zaidi ya hapo, katika kila abiria kumi, tisa wameangukia pengo lile refu na mmoja tu ndiye aliyeangukia lile fupi. Ndiyo maana ofisi inaweza kutangaza kwa moyo mweupe kwamba mabasi yote yalitoka, na abiria karibu wote wakaapa kwamba hayakutoka, na pande zote mbili zikawa zinasema kweli.

Nikija kwenye ubao wa kielektroniki uliofungwa kituoni, uvumilivu wangu unakwisha. Asubuhi moja ya mvua, saa moja na dakika kumi, ubao uliandika kwamba basi letu lingefika baada ya dakika 9. Tulikuwa watu wapatao kumi na wawili chini ya kibanda kinachowatosha sita. Namba ilishuka vizuri: nane, saba, tano, mbili. Ilipofika mbili ikaganda. Mama aliyekuwa kando yangu akafunga mwavuli wake ajiandae kupanda, akaufungua tena, akaufunga tena. Kijana mmoja akatoka hadi ukingo wa barabara, akanyoosha shingo, akarudi amelowa. Kisha mstari ule wote ukafutika ubaoni, na uliokuwa chini yake ukapanda juu ukiwa umeandikwa dakika 14. Barabarani hakikuwa kimepita kitu. Mzee aliyeegemea nguzo akasema kwa sauti ya upole, "Hilo ndilo limeshapita, wanangu. Semeni tu hamkuliona."

Kama kuna wafanyakazi hewa, basi na haya ni mabasi hewa: yamo kwenye orodha, hayamo barabarani. Jinsi yanavyozaliwa ni hivi. Ubao ukikosa taarifa ya mahali basi lilipo, hurudi kwenye ratiba na kuhesabu dakika kutoka humo. Dereva akiugua au gari likiharibika kabla ya kutoka, na asipatikane mtu wa kuifuta safari hiyo kwenye mfumo, ubao utaendelea kulihesabu basi ambalo liko gereji, hadi muda wake upite na lifutike lenyewe. Teknolojia ya kuzuia hili si ngeni. Muundo wa pamoja wa kuchapisha ratiba za usafiri ulianza mwaka 2005, shirika la usafiri la Portland nchini Marekani liliposhirikiana na Google, na kufikia mwaka 2011 ulikuwa na nyongeza ya taarifa za papo hapo, ikiwa ni pamoja na ya kutangaza kwamba safari imefutwa. Kinachohitajika ni mtu mmoja ofisini mwenye jukumu la kubonyeza. Kuniambia kwamba basi halipo ni kuniheshimu, kwa sababu nikishajua nitatembea hadi barabara kubwa, au nitampigia simu mwenzangu anianzishie kazi. Kunipa namba ya uongo ni kunifunga kamba kituoni.

Niliandika malalamiko mara tatu. Mara mbili nilijibiwa na mashine kwamba maoni yangu ni ya thamani. Mara ya tatu alinijibu binadamu, kwa adabu, akieleza kwamba chanzo ni msongamano wa magari. Msongamano upo, sikatai. Lakini msongamano wa saa moja asubuhi si mgeni, huja kila siku ya kazi, na ratiba inayotungwa kana kwamba hautakuja imekosewa tangu ilipoandikwa. Japani kampuni za reli humpa abiria karatasi ya kuthibitisha kwamba treni ilichelewa, akamwonyeshe mwajiri au mwalimu wake. Mimi huonyesha viatu vilivyolowa.

Yako mambo ya kufanya, na mengi hayahitaji kununua hata basi moja. Basi lililowahi linaweza kuzuiwa dakika mbili katika kituo cha katikati ya njia ili pengo lilingane. Milango yote inaweza kutumika kupandia, badala ya watu 40 kupita mmoja mmoja mbele ya dereva. Na utendaji unaweza kupimwa kwa muda ambao abiria amesubiri kupita kiasi alichoahidiwa, kama ifanyikavyo London kwa njia zenye mabasi mengi, badala ya kuhesabu magari yaliyotoka gereji.

Kwa anayelazimika kuitumia huduma hii kama mimi, nitasema niliyojifunza. Ukiweza, pandia kituo cha kwanza hata kama ni kutembea kidogo, kwa sababu huko mapengo hayajaharibika. Namba ya ubaoni ikiganda kwa zaidi ya dakika tatu, ihesabu kuwa haipo na uanze kufikiria njia nyingine. Likitokea basi lililofurika, angalia nyuma yake kabla ya kujisukuma ndani. Mara nyingi mwenzake yuko mita mia mbili tu na ana nafasi ya kukaa. Jioni mambo ni afadhali, na baada ya saa mbili usiku, barabara zikishatulia, huduma hii inakaribia kuwa ile iliyoandikwa kwenye ratiba.

Ninaipa nyota mbili kati ya tano, moja ya madereva na moja ya usafi. Nyota ya tatu nitaiongeza siku ubao utakapoandika kwamba safari imefutwa, hata kama siku hiyo nitachelewa kazini.